Sukari ya Mtu Anayekula Mara Moja

Baba mdogo alinipa karatasi ile nje ya kliniki kama mtu anayekabidhi hati ya mahakama. Ilichapwa upande mmoja, juu imeandikwa "Mlo Bora kwa Mwenye Kisukari". Asubuhi: vipande viwili vya mkate wa ngano isiyokobolewa, yai la kuchemsha, maziwa yaliyotolewa mafuta. Saa nne: tufaa moja. Mchana: samaki wa kuoka, brokoli, wali kidogo. Saa kumi: mtindi au karanga. Usiku: supu ya mboga na kuku aliyetolewa ngozi.

"Hebu soma hapo saa nne," akaniambia. "Mimi saa nne nimelala."

Baba mdogo ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja Kariakoo. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, anagombania daladala ya Mbagala, akifika anajitupa kitandani mpaka alasiri. Mlo wake wa uhakika ni mmoja, anaokula saa kumi jioni kabla hajarudi lindoni. Mtaani tunaita pasi ndefu: unakula mara moja, unanyoosha mpaka kesho. Mshahara ukiingia kuna siku kumi za neema. Tarehe zikigonga ishirini na kitu, anayelisha nyumba ni Mangi wa dukani na daftari lake la madeni.

Nikaisoma karatasi mara mbili kutafuta kosa. Kitabibu haina kosa. Mtu akila hivyo sukari yake itatulia, na hata asiye na kisukari akila hivyo atapendeza. Tatizo ni kwamba iliandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, mwenye jokofu, mwenye usiku wa kulala na mwenye duka kubwa jirani. Brokoli baba mdogo hajawahi kuishika mkononi.

Zamani ungeweza kusema karatasi hiyo imemfikia mhusika. Kisukari kilijulikana kama ugonjwa wa wakubwa, watu wa vitambi na magari. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta watu wazima wenye kisukari hawafiki asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Kati ya miaka hiyo ugonjwa ulishuka ngazi. Sasa foleni ya kliniki ya sukari ina mama ntilie, fundi viatu, dereva wa bodaboda na mkulima aliyeamka saa tisa usiku kuwahi basi. Ushauri unaowasubiri ndani haujashuka nao.

Ndiyo maana maneno "msaada wa lishe kwa wenye kisukari" yanachanganya watu. Ukiwauliza wahudumu, wengi watakuambia upo: tunatoa elimu. Ukiwauliza wagonjwa, watakuambia haupo: hatujapewa hata kilo ya unga. Wote wanasema kweli, kwa sababu chini ya jina moja kumefichwa vitu ambavyo havifanani: kumwambia mtu ale nini, kumpa chakula chenyewe, kumpa fedha akanunue, na kupanga dawa zake ziendane na anachokula kweli. Hicho cha mwisho ndicho kisichohitaji bajeti kubwa, na ndicho kinachosahaulika. Naanza nacho, kwa sababu kukosekana kwake nusura kumuue baba mdogo.

Kidonge hakijui kama umekula

Chakula cha wanga, kiwe ugali, wali, chapati au muhogo, kikifika tumboni huvunjwa kuwa glukosi, sukari inayosafiri kwenye damu. Ili glukosi iingie kwenye misuli ikafanye kazi, kongosho linatoa homoni ya insulini. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha watu wazima wengi, mwili unakuwa sugu kwa insulini, na taratibu kongosho nalo linachoka. Sukari inabaki kwenye damu, na kwa miaka inaharibu figo, macho, mishipa ya miguu na moyo.

Mgonjwa mwenye kipato kidogo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa za bei nafuu, na mbili zinajulikana kuliko zote. Metfomini hasa inalituliza ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu. Peke yake ni nadra sana kuishusha sukari hadi hatari, ingawa ukiimeza bila chakula tumbo linaweza kukusumbua. Glibenklamidi ni kitu kingine. Yenyewe inalisukuma kongosho litoe insulini, na inasukuma hivyo hivyo uwe umekula au hujala. Nguvu yake inaweza kukaa mwilini karibu siku nzima, na kwa mzee au mwenye figo dhaifu inakaa zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linaeleza kwamba glibenklamidi haiwafai wenye umri wa zaidi ya miaka 60, na linaitaja gliklazidi badala yake. Hata hivyo vile vidonge vya zamani bado utavikuta kwenye mifuko ya wazee wengi.

Baba mdogo aliandikiwa "kimoja asubuhi". Asubuhi yake ni muda wa kwenda kulala. Akawa anafika nyumbani, anakunywa chai ya rangi, anameza kidonge, analala. Siku yenye kipande cha muhogo mambo yalikwenda. Siku moja ya mwisho wa mwezi muhogo haukuwepo. Saa nane mchana mama mdogo akamkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Akadhani malaria imempanda kichwani, akaanza kumfuta kwa kitambaa cha maji. Aliyeokoa jahazi ni jirani muuza maandazi, ambaye marehemu mumewe alikuwa na sukari. Alichungulia mlangoni, akasema: "Hiyo imeshuka. Koroga sukari." Vijiko vitatu vya chai kwenye nusu kikombe cha maji. Baada ya robo saa baba mdogo alikuwa ameketi, anauliza nani amemmwagia maji.

Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na inafaa kila mwenye nyumba ajue. Sukari ikishuka chini ya 4 (milimoli kwa lita) kwenye kipimo cha kidole, au dalili zikiwepo na kipimo hakuna, mgonjwa anayeweza kumeza apewe kitu kitamu cha haraka, gramu 15 hivi za sukari, asubiriwe dakika 15, na asipopata nafuu arudiwe. Akishatulia ale chakula. Aliyepoteza fahamu asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akiangalie kwa karibu. Baba mdogo alijitungia sheria yake: siku asiyokula, hamezi kidonge. Kwa mtazamo wake ni akili, na mimi siwezi kumcheka. Lakini mwisho wa mwezi siku hizo zikaongezeka, na chakula kinapopatikana kinakuwa ugali mkubwa wa kufidia. Akaenda kliniki, kipimo kikasoma 17. Mhudumu, ambaye siku hiyo alikuwa na foleni mpaka uani, akaona namba, akaona kadi, akaongeza dozi: viwili badala ya kimoja. Hakuuliza jana alikula nini, na baba mdogo hakusema, maana kumwambia binti wa umri wa mwanao kwamba jana hukula si jambo jepesi. Akatoka na dozi kubwa zaidi kuelekea siku nyingine ya njaa.

Jambo hili limepimwa kwingine. Nchini Marekani, mtafiti Hilary Seligman na wenzake walichunguza kumbukumbu za hospitali za jimbo la California za miaka 2000 hadi 2008. Walikuta kwamba kwa watu wa kipato cha chini, kulazwa kwa sababu ya sukari kushuka kulipanda kwa asilimia 27 katika wiki ya mwisho ya mwezi ikilinganishwa na wiki ya kwanza. Kwa wenye kipato kikubwa mwezi haukuwa na kona hiyo. Na hao ni watu wa nchi yenye msaada wa chakula wa serikali. Huenda msaada ulikuwa unakwisha kabla ya mwezi.

Wanaoishi pwani watanishangaa nikisema kliniki hazijui kumtibu mtu asiyekula mchana. Zinajua sana. Ikikaribia Ramadhani wagonjwa wa sukari wanaotaka kufunga huambiwa waje mapema. Dawa ya mara moja kwa siku inahamishiwa futari. Ya mara mbili, dozi kubwa inakwenda na futari na ya daku inapunguzwa. Mgonjwa anafundishwa kupima mchana na kufungua mara moja sukari ikishuka. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishiriki kutoa mwongozo mzima wa jambo hili mwaka 2016 na kuuboresha mwaka 2021. Ujuzi wote wa kumsaidia baba mdogo upo, umeandikwa, na unatumika mwezi mmoja kwa mwaka kwa ajili ya wanaofunga kwa hiari yao. Anayefungishwa na mfuko, miezi iliyobaki, hakuna anayemuuliza atafuturu saa ngapi.

Kinacholiwa na kinachonunulika

Turudi kwenye sahani. Ushauri unaokubalika karibu kila mahali ni huu: nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe wanga, robo iwe protini. Ni ushauri mzuri na haudai brokoli. Mchicha, matembele, majani ya maboga na majani ya kunde yanatosha, na fungu gengeni siku nyingi halimshindi mtu. Dagaa ni protini. Maharage, kunde, mbaazi, choroko na dengu ni protini na nyuzinyuzi kwa pamoja, na wanga wake unaingia kwenye damu polepole kuliko wa ugali. Hadi hapo mtu anaweza kusema mlo wa kisukari ni mlo wa maskini, tatizo liko wapi?

Liko kwenye neno "punguza". Gramu 100 za sukari zina kalori karibu 400. Unga wa mahindi nao haupungui 350. Gramu 100 za mchicha zina kalori zisizofika 30. Mtu mzima anahitaji kalori 2,000 na kitu kwa siku, zaidi akiwa wa kazi za kubeba. Ukimwambia apunguze ugali kutoka bonge hadi ukubwa wa ngumi yake, umemwondolea kalori za bei rahisi kuliko zote sokoni, na za kuzifidia, ziwe za samaki, karanga au mayai, zina bei nyingine kabisa. Asiyeweza kufidia anabaki na njaa, na mwenye njaa harudi kwenye mchicha. Anarudi kwenye andazi na chai yenye vijiko vinne. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu usalama wa chakula ilikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 71.5 ya watu katika nchi za kipato cha chini hawakumudu gharama ya mlo kamili wa afya, na katika kundi linalofuata kwa kipato, zilimo Tanzania na Kenya, zaidi ya nusu. Kwa nchi tajiri ilikuwa asilimia 6.3.

Kuna na gharama nyingine ambayo karatasi za ushauri haziijui: mkaa. Maharage ni rahisi dukani na ghali jikoni. Anayenunua mkaa kwa kopo, kila siku kopo lake, akibandika maharage makavu saa mbili na zaidi anaweza kuchoma mkaa unaokaribia bei ya maharage yenyewe. Kwa hiyo anakula ugali kwa mchuzi wa nyanya, na mtaalamu anaandika "hazingatii ushauri". Dawa ya hapa ni ndogo na haina hadhi ya kitaalamu: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, bandika asubuhi. Au hamia kwenye choroko na dengu zinazoiva haraka, na dagaa ambao wakishaoshwa na kukaangwa kidogo wameiva. Mama mdogo anachemsha maharage ya siku mbili kwa moto mmoja. Hakufundishwa na mtu, alifundishwa na bei ya mkaa.

Wakati huohuo hela kidogo iliyopo inavutwa kwenye vitu visivyosaidia. Nimeona unga uliofungwa vizuri, umeandikwa "wa kisukari", bei mara tatu ya dona ya mashineni. Ndani ni nafaka ile ile imechanganywa na soya. Dona ni bora kuliko sembe, ina kiini na pumba, lakini bonge la dona ni bonge la wanga vilevile. Uji wa lishe uliosagwa laini unaweza kupandisha sukari upesi hata kama ni wa ulezi na mtama, kwa sababu usagaji umeshalifanyia tumbo nusu ya kazi yake. Asali ni sukari yenye sifa njema. Juisi ya miwa iliyokamuliwa mbele yako ni sukari iliyokamuliwa mbele yako. Soda ya kola ya mililita 350 ina gramu 37 hivi za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai. Kama kuna ushauri mmoja unaomwachia mgonjwa hela mfukoni badala ya kumtoa, ni wa kuacha soda na kupunguza sukari kwenye chai, na mimi ningeuweka wa kwanza kwenye kila karatasi kwa sababu hiyo.

Na wapo wagonjwa ambao hata hilo neno "punguza" linawadhuru. Tumezoea kuwaza mwenye kisukari ni mnene. Lakini mwaka 1955 daktari mmoja huko Jamaica alieleza wagonjwa wembamba, waliokulia katika utapiamlo, wenye kisukari kisichofanana na aina mbili zinazojulikana. Shirika la Afya Duniani likakitambua kisukari cha utapiamlo mwaka 1985, kisha likakiondoa kwenye orodha mwaka 1999 kwa hoja kwamba ushahidi haukutosha. Aprili 2025, katika mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakipa jina jipya: kisukari cha aina ya tano. Wataalamu bado wanabishana kuhusu jina hilo. Kwa mgonjwa mwenyewe ubishi huo una maana ya papo hapo: mtu wa kilo 44 akipewa ile karatasi ya mtu wa kilo 95, anaambiwa apungue wakati mwili wake unaomba kuongezwa. Anahitaji kalori zaidi, protini zaidi, na dozi ndogo ya dawa iliyopimwa kwa uangalifu.

Nani anatoa, na anampa nani

Upande wa fedha, Tanzania ina TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, unatoa ruzuku kwa kaya zilizoorodheshwa, na sehemu ya fedha hizo imefungwa kwenye masharti ya watoto kuhudhuria shule na kliniki. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea. Kenya, chini ya Inua Jamii, wazee wa miaka 70 na zaidi hupewa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Mipango hii ina faida zake na sina ugomvi nayo. Angalia tu mtu gani haonekani: wa miaka 45, 52, 60, asiye mtoto wala mjamzito, hajafika sabini, anafanya kazi kwa hiyo hahesabiki maskini wa mwisho. Huyo ndiye kisukari cha aina ya pili kinampenda. Bima nayo, anapokuwa nayo, inalipa daktari na vidonge. Mfuko wa dagaa hauna fomu.

Tumewahi kufanya vizuri zaidi kwa ugonjwa mwingine. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilipoanza kupatikana, wahudumu waliona haraka kwamba mgonjwa mwenye njaa hawezi kuzimeza wala kupona. Eldoret, Kenya, mpango wa matibabu uitwao AMPATH ulianzisha mwaka 2002 mashamba yake ya kulima chakula cha wagonjwa, na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaongeza la kwake. Chakula kikawa kinaandikwa kliniki kama dawa, kwa mgonjwa na watu wa nyumbani kwake, kwa kipindi maalumu mpaka asimame. Kwa nini wenye kisukari wasipate hivyo?

Jibu la kukera ni wafadhili: fedha za UKIMWI zilikuja na jina lake. Lakini kuna jibu la pili lenye uzito. Mgonjwa wa UKIMWI aliyekonda, akishapata dawa na chakula, hurudisha kilo, hurudi shambani, na kikapu kinaweza kukoma. Kisukari hakina siku ya kusimama. Kikapu cha miezi sita kikiisha, mwezi wa saba una kona ileile.

Halafu kuna swali la kama kikapu chenyewe kinashusha sukari. Marekani wamelipima kwa bidii, kwa sababu huko "chakula kama dawa" imekuwa sera na biashara. Mipango ya mwanzo ilitangaza matokeo ya kupendeza, lakini mingi haikuwa na kundi la kulinganishia. Watu huingizwa kwenye mpango sukari yao ikiwa juu kabisa, na kilicho juu kabisa mara nyingi hushuka chenyewe. Mtafiti Joseph Doyle na wenzake walipofanya jaribio la kura, yaani wa kupewa chakula na wa kutopewa wakichaguliwa kwa bahati nasibu, watu 465 wenye kisukari kisichodhibitiwa na wasio na uhakika wa chakula, nusu wakipewa vyakula vya kutosha milo kumi kwa wiki kwa familia nzima pamoja na ushauri, matokeo yaliyochapishwa Desemba 2023 yaliwatia watu baridi. Baada ya miezi sita, kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kilishuka kwa pointi 1.5 za asilimia kwa waliopewa chakula na kwa 1.3 kwa wasiopewa. Tofauti haikuwa ya kuhesabika.

Nimeona watu wakilitumia jaribio hilo kusema chakula hakina kazi. Mimi naliona linasema jambo dogo zaidi: kwamba mahali ambapo matibabu ni mazuri na dawa zipo, kuongeza kikapu hakuongezi mengi kwenye HbA1c. Na HbA1c ni wastani. Mtu anayepanda hadi 17 na kushuka hadi 3 anaweza kuwa na wastani usiotisha hata kidogo. Jasho la baba mdogo saa nane mchana halionekani kwenye wastani.

Huko huko magharibi mwa Kenya AMPATH walijaribu njia nyingine kwa wagonjwa wa sukari na presha: vikundi vya kuweka na kukopa, vya aina ya vikoba, vikiunganishwa na matibabu, mhudumu akikutana na kikundi kizima. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha presha ikishuka katika makundi yote, na zaidi kwa waliopata vyote viwili, ila tofauti haikutosha kuthibitika kitakwimu. Hata hivyo njia hiyo inanivutia kuliko kikapu. Wagonjwa kumi wanaokutana kila wiki wanaweza kununua gunia la maharage kwa bei ya jumla, kuchangia mashine moja ya kupimia sukari, ambayo gharama yake kubwa ni vile vijiti vinavyoisha (sindano kila mtu na yake, hizo hazichangiwi), na kuambiana ukweli ambao mhudumu haambiwi. Ukiongeza fedha taslimu kidogo zinazofika tarehe 20 badala ya tarehe 1, nadhani utakuwa umegusa kona yenyewe.

Baba mdogo hakusubiri hayo. Nilikwenda naye kliniki safari iliyofuata, tukamkuta nesi mwingine, mama wa makamo, aliyeishika kadi kwa muda kabla ya kuongea.

"Shikamoo baba. Unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Mlinzi."

"Usiku?"

"Usiku."

"Sasa unakula saa ngapi?"

Akamwambia. Na zile siku za mwisho wa mwezi akamwambia pia, akiangalia dirishani. Nesi akaingia kwa daktari na kadi mkononi, akakaa kama dakika kumi. Alitoka na glibenklamidi imefutwa, metfomini imeandikwa iende pamoja na ule mlo wa saa kumi jioni, na tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili badala ya miezi miwili. Kisha akaigeuza ile karatasi ya tufaa na brokoli upande wa pili, mweupe, akaandika kwa kalamu: matembele, dagaa, choroko, ugali ngumi moja, chai bila sukari, ukitoka lindoni kula chochote hata muhogo mmoja kabla ya kulala.

"Na ile ya kukoroga?" baba mdogo akauliza. "Niiache sasa?"

"Dawa hii si rahisi ikushushe. Lakini tembea nayo."

Anatembea nayo. Vijiko vitatu, vimefungwa kwenye kipande cha nailoni, mfuko wa kushoto wa sare, chini ya filimbi.